Ng'ombe ninao, miti ninayo, matunda ndiyo siyaoni: samadi niitumieje?

MgeniShambani

Wakuu, salaam. Nimekabidhiwa bustani ya matunda ambayo mwenyewe alikuwa ameichoka: miembe 22, michungwa 30 na ushee, na miparachichi michache upande wa chini. Miti si mizee. Udongo ni mfinyanzi, ukikauka jembe linadunda, ukilowa unanata mpaka kiatu kinabaki nyuma. Nikimwagilia kisahani cha mchungwa asubuhi, jioni maji bado yamesimama.

Machungwa ni madogo, na mengi yanapukutika yakiwa bado saizi ya gololi. Miembe ina ugonjwa wa kinyume chake. Ile iliyo karibu na banda imejaa majani ya kijani kizito, inachipua kila mara, lakini maua ni ya kuhesabu. Miparachichi nayo ncha za majani zimeungua, zina rangi ya kahawia.

Ng'ombe wa maziwa ninao watatu, banda lina sakafu ya saruji. Kila asubuhi mavi yanakokotwa na kutupwa nyuma ya banda, kisha sakafu inaoshwa kwa maji. Lundo limeshakuwa kilima, liko wazi, mvua na jua vyote vyake. Sioni sababu ya kutafuta mbolea ya dukani wakati kitu hiki ninacho bure.

Ushauri niliopata hadi sasa unagongana. Wa kwanza: fukia mavi mabichi kwenye shina. Wa pili: anika juani mpaka yakauke kabisa ndipo uyatumie. Wa tatu: weka kwenye pipa na sukari guru, koroga, nyunyiza. Mwingine akasema lazima yachanganywe na majivu. Naombeni mwenye uzoefu anyooshe maneno. Mbichi, iliyoiva, au ya maji? Kiasi gani kwa mti, na wakati gani? Na matunda yataongezeka kweli, au nitazidisha majani tu?

Jembe_Halilali

Mkuu, wala usijichoshe. Chimba kuzunguka shina, jaza mavi mabichi, fukia, subiri mvua. Mbichi ndiyo ina nguvu, ikishaiva nguvu imeisha. Babu zetu hawakuwa na mapipa wala turubai na walikula maembe.

MamaMboji

Karibu, Mgeni. Jembe Halilali mwanangu, nakuheshimu, ila mavi mabichi kwenye shina la mti nakataa mchana kweupe. Shina halili. Mizizi inayokula ni ile membamba kama nyuzi, nayo iko mbali na shina, tena juujuu, mingi yake ndani ya nusu mita ya kwanza ya udongo. Ukilundika kwenye shina umemwekea chakula mgongoni. Halafu lundo lile linashika unyevu muda wote, na gome la mchungwa au mparachichi likikaa limelowa linaoza pale shingoni. Vimelea vya Phytophthora, vile vinavyoozesha mizizi na shina, ndipo vinapopapenda. Utaona gome linatoa utomvu, ukilikwangua kidogo kwa kisu ndani ni kahawia badala ya kijani. Ukifika hapo mti unaanza kukauka kwa juu na watu wanalaumu jua.

Mashimo ya kupandia miche mipya ni hivyo hivyo. Mavi mabichi yakioza shimoni yanatoa joto na amonia, mizizi michanga inaungua. Yakishaoza yanasinyaa, mche unazama nayo, na pale ulipounganishwa panajikuta chini ya udongo.

Hao babu unaowasema, mifugo yao ililala nje na kuhamahama. Mavi yalikuwa yanaozea ardhini yakiwa yametawanyika, hakuna aliyekuwa analundika toroli tano kwenye mti mmoja.

Mgeni, kabla sijaendelea nijibu swali moja tu. Hayo maji ya kuoshea banda yanaelekea wapi? Yanapita karibu na miti gani?

MgeniShambani

Shikamoo mama. Swali lako limenitoa nje nikafuate mfereji. Unatoka bandani, unapita katikati ya ile miembe ya karibu, unateremka hadi kwenye miparachichi na kuishia hapo. Pana kidimbwi ambacho hakikauki. Michungwa iko upande wa juu, haipati hata tone.

MamaMboji

Marahaba. Basi maswali yako nusu umeyajibu mwenyewe. Mfereji ndio unaogawa mbolea hapo shambani, wewe na toroli lako mnafuata nyuma.

Watu wakisema samadi wanafikiria mavi. Lakini karibu nusu ya naitrojeni, kile kirutubisho cha kukuza majani, anayotoa ng'ombe iko kwenye mkojo, na potasiamu ndiyo kabisa, sehemu yake kubwa iko humo. Potasiamu ndiyo kirutubisho ambacho machungwa, maembe na maparachichi yanaondoka nacho kwa wingi shambani kila ukivuna. Ng'ombe mkubwa wa maziwa anakojoa lita 10 hadi 20 kwa siku, na wako watatu. Wewe kila asubuhi unaviosha vitu hivyo na kuvituma bondeni.

Sasa tazama miti yako. Miembe ya karibu inanyweshwa naitrojeni kila siku ya Mungu, haipumziki. Mwembe unataka kipindi cha kutulia, kwa baridi au kwa ukame, tawi lipevuke, ndipo litoe ua. Ukiulisha mfululizo unaendelea kutoa majani, kwa nini uache? Miparachichi inapata mabaki ya mwisho: chumvi zilizokusanyika njiani, pamoja na maji yaliyotuama. Mparachichi hauvumilii chochote kati ya hivyo viwili, na ncha za majani kuungua ndiyo dalili ya kawaida ya chumvi. Michungwa ya juu ina njaa. Huna matatizo matatu hapo, unalo moja linalotiririka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haiko shambani, iko bandani. Acha kuosha sakafu kwa maji mengi kila siku. Tandika nyasi kavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, majani makavu, chochote kinachofyonza. Ng'ombe walale juu yake, mkojo uingie humo. Ukikanyaga kwa buti maji yakachuruzika pembeni ya soli, nyasi hazitoshi, ongeza. Mahali pa kukamulia endelea kuosha, hilo ni suala la usafi wa maziwa, lakini maji yake yaelekeze kwingine, kwenye majani ya mifugo kwa mfano, yasiende kwa miparachichi. Maranda ya mbao yatumie kwa kiasi. Yana kaboni nyingi mno, na ukiyapeleka shambani kabla hayajaoza, wadudu wadogo wa udongo watanyonya naitrojeni ya mti ili wayaozeshe, majani yageuke njano, kisha uje kuniuliza mbona samadi imedhuru.

Nyasi zikishalowa na kuchanganyika na mavi, zitoe zipeleke kwenye lundo jipya. Lile kilima la zamani usilitupe, lakini usilitegemee kwa nguvu. Mvua imelichuja, na yale maji ya rangi ya chai uliyokuwa unayaona chini yake ndiyo nguvu yenyewe ilivyokuwa inaondoka. Litafaa kulainisha udongo. Na huyo aliyekwambia uanike juani, mwambie amefanikiwa kupata kitu chepesi kubeba. Samadi iliyoanikwa siku nyingi ni mwili usio na roho.

Lundo jipya liwe juu ya ardhi ngumu iliyoinuka, chini ya paa au turubai, upana na kimo angalau mita moja kila upande. Likiwa dogo kuliko hapo halipati joto. Weka tabaka la nyasi kavu, tabaka la mavi yenye nyasi za banda, tena kavu, hivyo hivyo hadi kifuani. Unyevu uupime kwa kiganja: chukua konzi, kamua kwa nguvu. Tone moja au mawili yakitokeza katikati ya vidole, sawa. Yakitiririka, lundo limelowa mno, litanuka uvundo badala ya kuiva. Kiganja kikibaki kikavu, mwagia maji.

Ingiza chuma kirefu hadi katikati ya lundo, kesho yake kichomoe na ukishike kwa mkono mtupu. Ukishindwa kukishikilia, lundo linafanya kazi. Joto la nyuzi 55 hadi 65 ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi vya magonjwa. Chuma kikianza kuwa vuguvugu tu, geuza lundo, ya nje iende ndani, litapanda joto tena. Endelea hivyo mpaka ufike siku unaligeuza na joto halirudi. Kwa kawaida ni miezi miwili hadi minne, na palipo na baridi ni zaidi. Iliyoiva hainuki mavi, inanuka udongo wa msituni baada ya mvua, na ukiipekua huwezi kutambua lipi lilikuwa jani na lipi mavi.

Ukigeuza lundo ukasikia ukali unaochoma pua na macho, hiyo ni amonia, yaani naitrojeni yako inapaa. Ongeza vitu vikavu, funika. Na hapa ndipo penye mgogoro wa majivu. Majivu ni makali kama chokaa. Ukiyachanganya na mavi mabichi au nyasi zenye mkojo, yanaisukuma amonia itoke kwa haraka zaidi. Majivu yana potasiamu nzuri, ndiyo, lakini yatawanye yenyewe shambani, kidogo kidogo, tena pale udongo ulipo na tindikali. Usiyatie kwenye lundo.

Kuweka shambani. Saa sita mchana nenda kwenye mti, angalia kivuli cha matawi kinaishia wapi. Anzia nusu ya njia kati ya shina na hapo, vuka nje ya kivuli hatua moja. Tandaza unene wa vidole viwili, duara lote. Karibu na shina acha nusu mita wazi, pabaki pakavu. Mti mkubwa unaozaa mpe kilo 30 hadi 40 kwa mwaka, yaani ndoo tatu za lita 20 zilizojaa, mchanga mpe kilo 5 hadi 10. Usichimbe. Funika samadi kwa nyasi kavu au majani, unene wa kiganja, minyoo ndio watakaoishusha chini, na hawakati mizizi kama jembe lako. Kwa mparachichi nasisitiza: pale chini ya majani makavu fukua kwa vidole tu, taratibu. Ukiona nyuzi nyeupe zimesukana juu ya udongo zikipanda hadi ndani ya majani yanayooza, hiyo ndiyo mizizi inayolisha mti mzima. Jembe likipita hapo mara moja, umeukata mti mdomo.

Wakati: miembe mara tu baada ya kuvuna, mvua zikiwa bado zipo, kisha basi mpaka mavuno mengine. Hiyo ya karibu na banda mwaka huu usiipe chochote, iache itumie iliyo nayo. Michungwa mpe mwezi mmoja na zaidi kabla ya maua, maana samadi haitoi chakula siku unayoiweka, inangoja unyevu na wadudu wa udongo. Unaweza kugawa mara mbili kwa mwaka. Miparachichi kwanza uiondolee maji. Ule mfereji ukishageuzwa, chimba mwingine wa kutolea kidimbwi. Samadi juu ya udongo uliotuama maji inaozea bila hewa, na hapo unaongeza ubaya.

Na kuhusu kupukutika kwa machungwa, usiitwike samadi mzigo usio wake. Mchungwa hupukutisha vitunda vingi kwa kawaida yake, na ukikauka kisha ukanyweshwa ghafla unapukutisha zaidi. Nyasi za kufunika zitakusaidia hapo pengine kuliko samadi yenyewe.

Kipimo

Naongeza namba kidogo, maana watu wanapenda kusema samadi "ina nguvu" bila kupima. Mavi mabichi ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 80 na zaidi. Samadi ya kawaida ya zizini ina naitrojeni kama nusu asilimia, ikitunzwa vizuri inapanda kidogo. Kwa hiyo kilo 30 alizotaja Mama Mboji zina naitrojeni gramu 150 hivi, na mwaka wa kwanza mti unapata pengine robo hadi theluthi yake, iliyobaki imefungwa kwenye mboji. Tuseme gramu 40 hadi 50. Yuria ina asilimia 46, kwa hiyo kiasi hicho ni sawa na gramu 100 za yuria, konzi moja au mbili za mkono. Hiyo ndiyo nguvu ya toroli zima.

Mtu akiitazama samadi kwa naitrojeni peke yake, kweli ni mzigo mkubwa kwa faida ndogo. Lakini ile robo tatu iliyobaki haipotei, inalimbikizwa, na mwaka wa tatu, wa nne, mti unakula ya mwaka huu pamoja na ya miaka iliyopita. Kule Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la majaribio ya shayiri liitwalo Hoosfield. Kipande kimoja kilipewa samadi kila mwaka kuanzia 1852 hadi 1871, tani 35 kwa hekta, kisha wakaacha kabisa. Zaidi ya miaka 100 baadaye kipande hicho bado kilikuwa na mboji nyingi kuliko jirani yake ambacho hakikuwahi kupewa kitu. Ni shayiri, si miti, lakini udongo ni udongo.

Jambo hilo hilo lina upande wa pili. Fosforasi nayo inalimbikizwa, tena haiondoki kirahisi. Mashamba yanayopewa samadi nyingi mwaka hadi mwaka fosforasi inapanda mpaka inazuia mti kupata zinki. Kwenye michungwa utaona majani mapya madogo, membamba, yenye mabaka ya njano katikati ya mishipa, na watu wanaongeza samadi wakidhani ni njaa. Ukipata nafasi pima udongo kabla hujaanza, kisha pima majani kila baada ya miaka miwili mitatu. Ile miembe ya karibu na banda ningeipima ya kwanza.

Jembe_Halilali

Mama nimekusikia, nimeshindwa kihalali. Ila hujagusa habari ya pipa. Mimi huwa natengeneza ile ya kutoka India, jivamrita, na miti inabadilika ndani ya wiki. Au na hiyo ni makosa?

MamaMboji

Hapana mwanangu, si makosa. Ila tujue inafanya nini. Mchanganyiko ulioenezwa na Subhash Palekar, mhamasishaji wa kilimo cha asili kule India, ni huu: maji lita 200, mavi mabichi kilo 10, mkojo lita 5 hadi 10, sukari guru kilo 2, unga wa dengu au jamii ya kunde kilo 2, na konzi ya udongo ambao haujapigwa dawa. Unakoroga asubuhi na jioni, kivulini, siku mbili, kisha unatumia. Pipa hilo ni la ekari nzima. Piga hesabu za Kipimo: naitrojeni yote iliyomo humo ni kama gramu 200, igawanye kwa miti ya ekari. Mti mmoja unapata kijiko.

Palekar mwenyewe hasemi kwamba inalisha mti. Anasema inaamsha viumbe wa udongo, na kwenye mfumo wake inakwenda sambamba na kufunika ardhi kwa matandazo. Watu wamechukua pipa, matandazo wameyaacha. Viumbe umewaamsha, halafu wale nini kwenye udongo mtupu unaopigwa na jua? Ukiwa umeshafunika, mwagia pipa lako, sina ugomvi nalo. Kama hujafunika, muda ule wa kukoroga nenda ukakate nyasi.

Kwa haraka, mti wenye njaa ya kweli kama hiyo michungwa, mkojo wenyewe unafaa kuliko pipa. Ukusanye kwenye dumu lenye kifuniko, uuchanganye na maji mara 10 ya kiasi chake, umwagie kwenye ardhi yenye unyevu, jioni, kuzunguka mzunguko wa kivuli, kisha ufuatishe maji kidogo. Usimwage juu ya majani wakati wa jua, utayaunguza. Udongo ukiwa mkavu, subiri.

Na hili ni kwa pipa, mkojo na mavi mabichi vyote: usinyunyize kwenye matunda. Mavi ya ng'ombe yanaweza kubeba bakteria kama E. coli O157, na huyo si wa kuchezea kwa watoto na wazee. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 90 zipite kati ya samadi mbichi na mavuno kama tunda haligusi udongo, na siku 120 kama linagusa. Mwembe unahesabika kwenye zile 90, lakini maembe yaliyodondoka unayaokota wapi? Chini, kwenye samadi yako. Ndiyo maana mimi kwa miti inayozaa situmii mbichi kabisa. Lundo likipata joto sawasawa na kugeuzwa sawasawa, wasiwasi huo unapungua sana.

MinaziMitatu

Mama samahani naingilia. Kwenye lundo langu nikigeuza nakuta mafunza meupe manene, yamejikunja, makubwa kama kidole gumba. Ni wa faida au niwaue?

MamaMboji

Kwa jina lako naona una minazi, basi waue, au wape kuku. Mbawakawa mwenye pembe anayetoboa minazi hutaga kwenye malundo ya samadi na magogo yanayooza. Kuna mafunza wengine wanaofanana nao wasio na madhara, lakini palipo na minazi mimi sibahatishi. Lundo lenye joto na linalogeuzwa mara kwa mara hawakai. Wakishakuwepo wengi, ujue lundo limepoa siku nyingi na lilipaswa kuwa shambani tayari.

MgeniShambani

Mama, Kipimo, nawashukuru sana. Mfereji nimeuziba kwa muda kwa mifuko ya udongo, nyasi zimetandikwa, na ng'ombe mmoja ameamua kuzila. Swali la mwisho. Samadi ya ng'ombe watatu haitatosha miti yote. Kuna mfugaji ana rundo kubwa lililokwisha kuiva, anataka tu mtu wa kulibeba. Wanyama wake wanakula majani makavu ya kufungwa robota, ya kununua. Nilibebe lote?

MamaMboji

Zile za kulalia ziwe mabua magumu na nyasi zilizokomaa, hatazila. Na mpe chakula cha kutosha kwanza.

Kuhusu rundo la jirani, usibebe hata toroli kabla hujauliza malisho yale yalipigwa dawa gani ya magugu. Kuna dawa za kuua magugu ya majani mapana, aminopiralidi na klopiralidi, ambazo hazizidhuru nyasi. Ng'ombe anakula, hadhuriki, dawa inapita tumboni na kutoka kwenye mavi ikiwa bado nzima, na hata lundo likiiva inaweza kubaki. Uingereza mwaka 2008 wakulima wengi wa bustani waliona nyanya na maharage yao yakijikunja kwa sababu ya samadi hiyo, mpaka aminopiralidi ikasimamishwa kwa muda. Mfugaji mara nyingi hata hajui, kwa sababu majani kayanunua.

Pima kwa maharage, ni rahisi. Chota samadi sehemu mbalimbali za rundo, juu, katikati na chini, changanya. Jaza makopo matatu kwa samadi hiyo nusu na udongo wako nusu, na matatu mengine udongo wako mtupu. Panda maharage matatu kila kopo. Weka makopo ya samadi mbali kidogo na yale mengine ili maji yasihamie. Mwagilia sawasawa, subiri mpaka maharage yatoe majani matatumatatu yale ya kweli, si yale mawili ya mwanzo. Majani yakikunjika kama kikombe, ncha zikijisokota, shina likipinda wakati yale ya udongo mtupu yamenyooka, rundo hilo mwachie mwenyewe. Yakiota sawa yote sita, beba, anza na mstari mmoja wa michungwa, iliyobaki ifunike turubai mpaka uone majani mapya ya mstari huo.